Wajukuu Hawafanani

Kopo lilikuwa la mafuta ya kupikia, la kilo mbili, rangi ya njano iliyochubuka hivi kwamba ukiligusa vidole vinatoka na unga wa kutu. Ndani yake kulikuwa na majivu, na ndani ya majivu mlikuwa na mbegu za bangi za mama, zimefungwa kwenye kipande cha kanga kilichokatwa pindo. Mama aliyapepeta majivu kwanza ili yasibaki na vipande vya makaa, kisha akayamimina juu ya mbegu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika kopo. Hayo nayakumbuka bila kujitahidi. Nakumbuka hata ubavu mmoja uliobonyea, siku kopo lilipoanguka kutoka darini.

Kwetu milimani bangi haikuwa jambo la kujadili. Ililimwa katikati ya mahindi, kwenye mashamba ya juu ambako askari hawapendi kupanda kwa miguu, na ndiyo iliyotulisha. Mama hakuivuta, wala sikuwahi kumsikia akiisifu wala kuilaumu. Mbegu alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Haikuwa na jina. Sisi tuliiita ya mama, basi.

Desturi ilikuwa moja tu. Kopo halifunguliwi bila mtoto wa kwanza. Shamba linaweza kuwa la mtu mwingine na jembe likashikwa na mtu mwingine, lakini siku ya kupanda ni lazima mtoto wa kwanza aseme "fungua", na yeye ndiye anayetia mkono kwanza. Mimi ndiye wa kwanza. Nilianza kusema "fungua" kabla sijaanza darasa la kwanza, nimesimama kando ya mama kama karani.

Baba alishakufa wakati huo. Mama alikufa nikiwa kidato cha pili, wiki ya mitihani, na shuleni nilirudi siku moja tu, kuchukua godoro na sanduku. Nyuma yangu kulikuwa na wawili, dada yangu na mdogo wetu wa mwisho. Msibani sikulia. Watu walisema, huyu ni mkubwa, amejikaza. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nahesabu viti vya kuazima ili visirudi pungufu.

Dubai nilikuja kwa kazi ya ulinzi nikaishia kwenye maua. Wakala alisema nafasi ya ulinzi imejaa, iko ya kitalu, nikasema sawa. Kitalu kiko nje ya mji, ng'ambo ya Jebel Ali, nyumba ndefu za neti na moja ya vioo yenye feni kubwa kama mlango. Tunaotesha petunia, zile za rangi rangi zinazopandwa kandokando ya barabara na kwenye mizunguko jua likipungua makali. Nilipata kitanda Discovery Gardens, chumba cha watu sita. Cha chini yangu alilala Mganda mmoja, mlinzi wa hoteli ya Al Rigga, mtu wa maneno mengi. Wiki ya kwanza aliniuliza kwetu wanalima nini. Nikasema mahindi. Akaniuliza na nini tena, huku anacheka, kwa sababu alikuwa amesikia habari za milima ya kwetu.

"Ndugu yangu," akasema, "hapa hata ukiiota, ukiamka uoshe mdomo."

Sikuhitaji kuambiwa. Tangu siku hiyo neno lenyewe sikulitamka Dubai, hata kwa sauti ya ndani. Nikipiga simu nyumbani nilisema ya mama.

Dada yangu alikuwa amebaki na shamba, na tangu mama afe alilima mahindi tu, kopo likiwa limefungwa. Ana ulimi mkali na mikono ya kazi. Nilipomwambia kazi yangu ni maua, akauliza, "Kaka, yaani wanakulipa kumwagilia maua jangwani?"

"Ndiyo."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yananukia vizuri?"

"Kidogo."

"Basi watu hao hawana shida kabisa," akasema. "Usiwaambie habari zetu."

Msimu wangu wa kwanza ulipokwisha, tukaambiwa tung'oe petunia zote kwa sababu joto limeingia. Mimi niliona vijungu vya mbegu vimekauka kwenye zile nyeupe na sikuweza kuzitupa. Kwetu hakuna anayeng'oa mmea wenye mbegu akaenda mikono mitupu. Nikazikusanya kwenye bahasha, chembe ndogo kama vumbi la tumbaku, nikazificha chini ya godoro kiangazi chote. Mwezi wa kuotesha ulipofika, zilipochelewa kufika mbegu za kampuni, nilimpelekea msimamizi bahasha yangu. Nilidhani nimeokoa jahazi. Msimamizi ni mzee wa Kerala mwenye miaka mingi nchini humu. Yeye humwita kila mtu sadiki, yaani rafiki, hata anapomgombeza. Alinitazama, akatazama bahasha, akasema niziweke kwenye trei kumi, tuone.

Ziliota vizuri mno. Nilizipandikiza mwenyewe, nikazibana ncha mwenyewe ili zitoe matawi. Zilipochanua, trei za nyeupe hazikuwa na nyeupe. Kulikuwa na zambarau iliyofifia, na waridi chafu, na nyingine zimerefuka kama kamba, na nyingine zimekaa chini hazitaki kuinuka. Kwenye trei moja hazikuwapo mbili zilizofanana. Msimamizi alizipitia taratibu, mikono nyuma.

"Sadiki," akasema, "baba wa hawa ni nani?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, alichuma ua moja la zambarau na moja la waridi akayashika pamoja mbele ya uso wangu, akanieleza kwa Kiingereza chake na Kiarabu cha kazini, polepole, kama anayemwonyesha mtu njia ya kituo cha basi.

"Ile nyeupe ya mwaka jana ni mchanganyiko. Baba yake yuko shamba moja mbali, mama yake yuko shamba jingine mbali. Wao ndio wazee, hawaguswi na kitu kingine. Kila mwaka wanaozeshwa upya. Watoto wao wote wanafanana, wana nguvu, wazuri. Wewe umepanda wajukuu. Wajukuu hawafanani. Kila mmoja anachota kwa babu au kwa bibi anavyotaka."

"Na ukitaka nyeupe tena?"

"Unarudi kwa wazee. Kama wazee wapo." Akayatupa maua. "Khalas, basi. Toa zote."

Nilizitoa. Nikazimwaga kwenye toroli, trei kumi, nikapeleka nyuma. Sikuona aibu wala hasira. Nilichukua maneno yake nikayaweka mahali.

Mwaka uliofuata, mvua za kwetu zilipokaribia, dada yangu alinipigia nikiwa kwenye basi la kampuni asubuhi. Nilikuwa nimekaa kiti cha katikati, watu kila upande, na wengine walikuwa wanaelewa Kiswahili. Alisema kuna mtu ametoka mjini na mbegu ya nje. Fupi, inafika kiunoni tu, inakomaa upesi, nusu ya muda wa ya mama. Ya mama inakaa shambani miezi na miezi, inapita mahindi kwa urefu, na mahindi yakivunwa inabaki imesimama peke yake inaita askari. Mwaka juzi walifyeka shamba la jirani mpaka mzizi. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mdogo wetu shuleni, hakuwa na nafasi ya kufyekewa.

"Nataka nizioze," akasema. "Madume ya ile fupi, majike ya mama. Nipate fupi yenye nguvu ya mama. Si ndivyo mnavyofanya huko kwenye maua yenu?"

Nikasema, "Ndivyo."

"Lakini mbegu za kopo zimezeeka. Usinigombeze, nilichukua ishirini kabla ya kukuomba, nikazijaribu kwenye kitambaa chenye maji, zimeota tatu. Nikipanda kidogo sipati kitu. Nataka nimwage kopo lote."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijua la kusema, lilikuwa limekaa pale pale nilipoliweka. Tenga chache. Panda miche mitano upande wa pili wa kilima, na dume lao wenyewe, ile fupi isifike. Usiguse wazee. Ni maneno machache tu. Lakini ningeyasema kwenye basi lile, miche, dume, jike, kopo, huku mtu wa mbele yangu ameshatoa kisikizio kimoja sikioni. Nilikuwa pia nimechoka, ingawa uchovu huo nilikuwa nao kila siku. Ukweli ni kwamba nilitaka simu ikatike.

"Kaka? Wewe ndiye wa kusema. Nifungue?"

"Fungua," nikasema.

"Lote?"

"Fungua."

Alishangilia. Nilisikia mtoto wake akishangilia naye bila kujua ni nini. Basi likaingia kitaluni, nikashuka, nikavaa glovu. Siku nzima ningeweza kumpigia tena. Kuna kona nyuma ya nyumba ya vioo ambako hakuna mtu anayefika. Sikumpigia siku ile, wala wiki ile. Nilijiambia nitapiga Ijumaa, Ijumaa nikafua nguo.

Msimu ule alizioza akachuma mbegu, na msimu uliofuata mavuno ya kwanza ya ule mchanganyiko yalikuwa kama alivyotaka. Alinipigia akiwa anacheka, hawezi kumaliza sentensi. Imetoka yote sare, akasema, kama wanafunzi mstarini. Inafika kifuani, haionekani ndani ya mahindi, na imekomaa kabla mahindi hayajakauka. Askari walipita njia ya chini wakaona mahindi tu. Mtu wa mjini alisimama shambani akashika kichwa. Kisha, kwa furaha ile ile, akanitumia picha.

Niliifungua nikiwa kitandani. Kwa muda niliotazama niliona kijani, na mkono wake ukishika tawi. Nikaifuta. Nikafuta na mazungumzo yote, nikazima simu, nikaitoa laini, nikakaa nayo mkononi. Mganda aliingia anatoka kazini akaniuliza kuna msiba gani.

"Hakuna."

"Uso huo ni wa msiba."

"Hakuna msiba."

Nilikaa wiki tano bila kuzungumza na nyumbani. Nilipowasha laini kulikuwa na jumbe zake za sauti. Wa kwanza ulikuwa wa utani, uliofuata wa kuuliza nimekosewa nini, na wa mwisho ulikuwa na maneno machache tu: "Kaka, mimi si mtoto. Ningeambiwa ningeelewa." Nilimwambia asinitumie picha tena, ya kitu chochote, hata ya kuku. Akasema sawa. Hakuuliza tena kwa nini, na mimi nilipata nafasi ya kumwuliza ametenga nini, sikuuliza, kwa sababu jibu nililijua.

Mwaka uliofuata alipanda mbegu alizochuma kwenye yale mavuno mazuri. Kwetu ndivyo inavyofanywa, kizuri ndicho kinachowekwa mbegu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Nilifanya hivyo.

Simu yake ilipokuja nilikuwa kitaluni, saa ya mapumziko, nimekaa juu ya gunia la udongo nyuma ya nyumba ya vioo. Hakuwa na furaha wala hakuwa analia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kukagua kitu mara mbili.

"Zimetawanyika," akasema. "Hii ndefu kama ya mama, hii imekaa chini kama kabichi. Hii ina jani pana, hii jembamba. Nyingine imekomaa, nyingine hata haijaonyesha kama ni dume au jike. Shamba linaonekana kama soko. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Basi ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya petunia, trei kumi, na maneno ya msimamizi kuhusu wazee na watoto na wajukuu. Nilimweleza vizuri, kwa utulivu, na nilipomaliza kulikuwa na upepo tu kwenye simu, upepo wa kule juu.

"Hayo uliyajua lini?"

"Mwaka wangu wa pili huku."

"Kabla sijakuomba kopo."

"Kabla."

Nilisubiri anitukane. Ana haki na ana maneno. Hakunitukana. Alivuta pumzi akasema, "Wewe mwenye maua," kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia tukiwa wadogo nikimaliza sukari.

"Huyo mzee wako anasemaje basi?" akasema. "Ukitaka ya kwanza irudi na wazee hawapo, hakuna njia?"

Nilikuwa nimeshamuuliza msimamizi, mwaka ule ule, nikijifanya nauliza habari ya petunia nyeupe. Alisema ipo, lakini ni kazi ya mtu asiye na haraka. Unachagua mjukuu anayefanana zaidi na bibi. Unamtenga. Watoto wake ukiwapanda, unachagua tena anayefanana na bibi. Miaka mingi. Hutampata yule yule, alisema, utampata wa karibu. Nikamwambia dada yangu hivyo.

"Basi ninayo nafasi moja," akasema. "Mtu wa mjini amesema akiona shamba hili tena hanunui. Yuko tayari kunipa mbegu ya nje tupu, niachane na kuchanganya. Nikikubali, nang'oa yote leo na ya mama imekwisha. Nisipokubali, nachagua. Nimepita mara mbili. Mingi nimeikataa. Imebaki minne. Nakusomea, wewe uniambie."

Akanisomea. Nilimsikia akitembea, majani yakigusa simu. Wa kwanza mrefu, shina la kijani, jani pana, umejaa matawi. Wa pili mrefu, shina jekundu kuanzia chini, jani jembamba, matawi yako mbali mbali. Wa tatu wa kati, jani jembamba, una harufu kali ya ganda la limau. Wa nne mrefu kuliko yote, umechelewa, ndiyo kwanza unaanza.

"Upi wa mama?" akauliza. "Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa naletewa tu yaliyokwisha kukauka. Wewe ulikuwa unasimama naye akichagua wa mbegu. Alikuwa anaacha upi?"

Nikafunga macho. Nililiona kopo. Nikaona bonyeo la ubavuni na kipande cha kanga, rangi ya machungwa, na majivu yakishuka. Nikaona mkono wa kushoto wa mama, na kucha ya kidole gumba iliyopasuka katikati. Nikajiona mimi nimesimama kando. Nikasogea kutoka kwenye kopo kwenda shambani, na shambani hapakuwa na kitu. Palikuwa na urefu, kitu kirefu cha kijani juu ya kichwa changu, na huo ulikuwa urefu wa mtoto, kila kitu kilikuwa kirefu. Shina lilikuwa jekundu? Nilijaribu harufu. Iliyonijia ni ya petunia.

Nilifungua macho. Mbele yangu kulikuwa na trei za miche, nyeupe zote, sare.

"Kaka?"

Ningesema sijui, angeng'oa. Alikuwa ameshika jembe, nilisikia likigonga jiwe. Na angeing'oa bila kunilaumu, hilo nalijua kwa sababu namjua.

"Wa pili," nikasema. "Wa shina jekundu."

"Si wa nne? Mama si alikuwa analalamika inachelewa?"

"Zote zilichelewa. Wa mbegu alikuwa anaacha wa shina jekundu, jani jembamba."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Sawa," akasema, na sauti yake ikashuka kama mtu anayetua mzigo. "Nami nilikuwa naudhania huo huo. Dume nalo nimeliona lenye shina hilo hilo, kule chini. Nitaiacha miwili hiyo, mingine nakata."

Nilimsikia akianza kukata kabla hajaikata simu. Msimamizi akatokea kwenye kona, akaniita yalla, sadiki, gari la maji limefika. Nikaenda nikashika mpira. Nilimwagilia mpaka jioni, na sikuwa na huzuni. Nilikuwa nasubiri huzuni, nikawa namaliza mstari mmoja nahamia mwingine.

Alinipigia tena baada ya wiki saba au nane. Mbegu zilikuwa zimekauka, hazikuwa nyingi, zilijaa kiganja. Za rangi ya kahawia yenye mistari, akasema, kama alivyozikumbuka. Sikumwambia kwamba za aina zote zina mistari. Mtu wa mjini alikuwa ameshakwenda kwa jirani. Mwaka huu wangekula mahindi na kile ninachotuma mimi, na ulinzi wa hoteli ya Al Rigga ulikuwa unatafuta mtu wa zamu ya mchana, Mganda alikuwa ameniambia. Nikamwambia dada yangu nimekataa, nabaki kitaluni. Akasema afadhali, angalau mmoja wetu anajifunza.

"Nimeshika kopo," akasema. "Niko mlangoni. Niambie."

"Pepeta majivu kwanza."

"Nimepepeta."

"Hakuna makaa?"

"Hakuna, kaka. Nimepepeta mara mbili."

"Fungua."

Nikasikia kifuniko kikikwaruza, sauti ile ile.

"Haya," akasema. "Nayatia kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Ndivyo alivyokuwa anafanya."

Alihamisha simu kutoka sikio moja hadi lingine, nikasikia majivu yakishuka.